Maumivu Yana Kufuli: Mtafiti wa Kenya na Dawa Inayoogopwa

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya maumivu: yanatoka wapi, yanapita wapi, na kwa nini kuna dawa inayoweza kuyazuia. Pia nitawaeleza kazi ya mtafiti mmoja Mkenya aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili.

Vuta kiti ukae. Kama una mgonjwa nyumbani, sogeza redio karibu naye.

CHUPA ILIYOFICHWA STOO

Nianze na kisa. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea mzee mmoja katika kijiji kimoja upande wa Bomet. Alikuwa na saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Hospitalini alikuwa amewekewa mrija ili aweze kumeza uji na maziwa. Siku ya kurudi nyumbani alipewa pia chupa ya dawa ya maji ya kupunguza maumivu.

Nilimkuta amejikunja kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Nikamsalimu, "Mzee, habari ya leo?" Hakujibu. Alikuwa amebana meno. Jasho lilimtoka ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi na ukungu ulikuwa haujaondoka.

Nikaiuliza familia, "Ile chupa ya dawa iko wapi?" Wakatazamana. Mwishowe mke wa mwanawe akaenda stoo ya mahindi, akairudisha imefungwa ndani ya gunia. Ilikuwa imejaa vile vile. Hakuna aliyeifungua.

Kijana wa mzee akaniambia, "Sista, jirani alitueleza kwamba hiyo ni mofini, na mtu akipewa mofini ujue amekatiwa tamaa. Tukaona tukimpa, ni sisi tutakuwa tumemuua baba."

Siku 19 zilikuwa zimepita tangu chupa ile ifike pale nyumbani.

Wasikilizaji, sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilipomaliza diploma ya uuguzi nilikuwa naiogopa dawa hiyo. Nilijua kuisoma kwenye karatasi, lakini mkono wangu ulitetemeka nilipoipima mara ya kwanza. Mtu huogopa kitu asichojua kinavyofanya kazi. Kwa hivyo leo tutajifunza inavyofanya kazi.

MAUMIVU HUPITA NJIA GANI?

Tuseme unapogoa chai na kisu kinateleza, kinakukata kidole. Kidole chenyewe hakijui maumivu. Ndani ya ngozi kuna ncha za mishipa ya fahamu, yaani neva. Ncha hizo zikiguswa na kisu, moto au pilipili, hutuma habari. Habari hiyo hupanda mkononi mpaka kwenye uti wa mgongo. Hapo hupokelewa na neva nyingine, ambayo huipeleka juu hadi ubongoni. Ni ubongo unaosema, "Naumia."

Sasa sikiliza vizuri. Neva moja haijashikana na nyingine kama nyaya mbili zilizofungwa pamoja. Kati yake kuna nafasi ndogo sana. Ili habari ivuke, neva ya kwanza humwaga kemikali katika nafasi hiyo, na ile ya pili huipokea.

Baadhi ya kemikali hizo ni vipande vidogo vya aina ile ile ya vitu vinavyojenga protini. Wataalamu huviita neuropeptaidi. Mojawapo ni dutu P. Iligunduliwa mwaka 1931 jijini London na Ulf von Euler na John Gaddum. Dutu P ni mmoja wa wajumbe wanaovusha habari za maumivu.

Na huyo mjumbe anapokelewa wapi? Juu ya neva ya pili kuna vipokezi. Fikiria kipokezi kama kufuli, na kemikali kama ufunguo. Ufunguo wa stoo haufungui kufuli ya nyumba. Vivyo hivyo, kila kipokezi hukubali kemikali yake. Ufunguo sahihi ukiingia, kufuli inafunguka na jambo fulani linatendeka ndani ya neva.

Lakini Mungu hakutuumba na njia ya kupandisha maumivu peke yake. Kuna pia njia ya kuyazuia. Umewahi kumwona mkimbiaji aliyeteguka mguu katikati ya mashindano? Hukimbia mpaka mwisho, kisha ndipo huanguka na kulia. Maumivu yalikuwa wapi wakati ule? Ubongo wake ulikuwa umetuma kemikali za kuyazuia yasipite.

MOFINI NA UFUNGUO WETU WENYEWE

Tangu zamani watu walijua kwamba utomvu wa mmea wa afyuni hupunguza maumivu. Mofini hutoka katika mmea huo. Lakini hawakujua kwa nini kitu cha mmea kiweze kumtuliza binadamu.

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, mwanafunzi Candace Pert na mwalimu wake Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una vipokezi ambavyo mofini hushika. Yaani kufuli ipo ndani yetu. Swali likafuata: kwa nini tuwe na kufuli ya ufunguo unaotoka shambani? Lazima mwili una ufunguo wake wenyewe.

Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen huko Scotland, waliupata. Walitumia ubongo wa nguruwe. Ndani yake walikuta neuropeptaidi mbili fupi sana, kila moja ikiwa na viungo vitano tu, kama ushanga wa punje tano. Wakaziita enkefalini. Baadaye zikajulikana na nyingine, zikiwemo endofini.

Kwa hivyo, msikilizaji, mofini si kitu kigeni kabisa mwilini. Inaingia katika kufuli ambazo mwili ulikuwa nazo tayari. Maumivu yakiwa madogo, ufunguo wako mwenyewe hutosha. Maumivu yakiwa makali kama ya saratani, funguo zako huwa chache, na dawa huja kuongeza.

Wanasayansi waligundua pia kwamba kufuli hizi si za aina moja. Zilizo maarufu ni tatu, nazo zimepewa majina ya herufi za Kigiriki: myu, delta na kapa. Kumbukeni majina haya matatu, maana tunaingia sasa katika kazi iliyofanyika hapa Kenya.

MTAFITI WA NAIROBI

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, idara ya fiziolojia ya wanyama, alikuwako mtafiti aitwaye Titus Kanui. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza maumivu na vipokezi vinavyoyazuia.

Mwaka 1985 alichapisha katika jarida la kimataifa la Pain utafiti alioufanya kwa panya. Alionyesha kwamba joto linaweza kupunguza kazi ya neva za uti wa mgongo zinazobeba habari za maumivu. Kogo wako alipokukanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto hakuwa amesoma jarida, lakini alikuwa akifanya jambo ambalo sayansi inaweza kulieleza.

Kisha Kanui akawageukia wanyama wa kwetu Afrika. Maabara nyingi za dunia hutumia panya weupe. Yeye aliuliza: je, kufuli hizi hufanya kazi vile vile kwa kila mnyama? Akishirikiana na Kjell Hole wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na wenzake, alianza na mamba. Walichapisha juu ya maumivu ya mamba mwaka 1990, na mwaka 1992 wakaeleza kwamba mofini na pethidini hupunguza maumivu ya mamba. Hata mnyama yule wa kutisha ana kufuli kama zetu.

Halafu wakamjaribu fuko uchi.

Hapa kwetu mnamjua fuko mwenye manyoya anayetusumbua mashambani. Huyu ninayemsema ni mwingine. Hana manyoya, ngozi yake ina mikunjo, na meno yamejitokeza nje. Anaishi chini ya ardhi katika nchi kavu, kama kule Mtito Andei. Mwaka 1981 mtafiti Jennifer Jarvis alieleza kwamba wanyama hawa huishi kama nyuki: malkia mmoja ndiye anayezaa, na wengine ni wafanyakazi.

Kanui na Hole walimpa fuko uchi mofini, wakapima maumivu kwa sahani yenye joto. Njia hii ni rahisi kueleza. Mnyama huwekwa juu ya sahani ya moto wa kiasi, na mtafiti huhesabu sekunde mpaka ainue mguu. Kisha hutolewa mara moja asiungue. Mnyama aliyepewa dawa inayofanya kazi huchelewa kuinua mguu.

Mwaka 1990 walichapisha matokeo, nayo yalishangaza. Mofini haikupunguza maumivu ya fuko uchi katika kipimo hicho. Badala yake, wanyama walipata ukali wakaanza kushambuliana. Walipopewa naloksoni, dawa inayoziba kufuli za mofini, mambo hayo yalizuilika. Maana yake ni kwamba mofini ilikuwa inaingia katika kufuli zake barabara. Lakini kwa mnyama huyu, kufuli ilifungua mlango mwingine.

Mtu mwingine angesema, "Basi, mofini haimfai fuko," aende nyumbani. Kanui hakuishia hapo. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha kipimo cha pili. Safari hii waliweka tone dogo la formalini chini ya ngozi ya mguu, ambalo huleta maumivu ya muda mrefu kidogo, kama ya kidonda. Walihesabu muda ambao mnyama aliutumia akilamba mguu. Katika kipimo hiki, mofini ilipunguza maumivu. Hata parasetamoli ilisaidia.

Mnaona? Ni mnyama yule yule na dawa ile ile, lakini aina ya maumivu ilikuwa tofauti, na jibu likawa tofauti.

Kazi ikaendelea. Mwaka 2006 P. K. Towett, Kanui na F. D. Juma walichapisha utafiti walioufanya kwa kutumia dawa zinazochagua kufuli, moja kwa ajili ya myu, nyingine delta, nyingine kapa. Kwenye sahani ya moto, fuko uchi aliyeguswa kufuli ya myu au ya delta alihisi moto upesi zaidi. Aliyeguswa kufuli ya kapa alipata nafuu. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba katika kipimo cha formalini, kufuli zote tatu zilileta nafuu. Mwaka 2010 Kanui alikuwa pamoja na wenzake waliochapisha juu ya dawa za jamii ya mofini kwa kobe wa Kiafrika.

Hesabu miaka hiyo: kutoka 1985 hadi 2010 ni miaka 25, na mtu bado anauliza swali lile lile kwa subira, mnyama mmoja baada ya mwingine.

Watafiti wa nje nao walimfuata fuko uchi. Mwaka 2008 kundi lililowajumuisha Thomas Park wa Chicago na Gary Lewin wa Berlin lilieleza kwamba pilipili na asidi hazimchomi mnyama huyu. Neva nyembamba za ngozi yake hazina dutu P, yule mjumbe tuliyemtaja mwanzoni. Walipompelekea mguuni maagizo ya kutengeneza dutu P, alianza kuhisi pilipili. Asidi bado haikumsumbua. Kumbe maumivu hayana njia moja tu.

INATUHUSU NINI SISI?

Najua kuna anayesema, "Sista, mimi si fuko wala mamba." Ni kweli. Matokeo ya mnyama hayahamishwi kwa binadamu hivi hivi. Lakini kazi hii inatufundisha mambo matatu makubwa.

La kwanza, maumivu ni kitu halisi. Yana njia, yana kemikali na yana vipokezi. Mgonjwa anayelia hajidekezi. Hapa kwetu tunafundishwa tangu ujana kuvumilia maumivu bila kukunja uso, na uvumilivu una heshima yake. Lakini saratani si mtihani wa ujana. Haina siku ya kumalizika ambapo mtu anavishwa nguo mpya na kushangiliwa. Mzee aliyevumilia maisha yake yote hana cha kumthibitishia mtu akiwa kitandani.

La pili, dawa ya maumivu hufanya kazi kulingana na kufuli iliyoguswa na aina ya maumivu. Ndiyo maana hatubahatishi. Dawa iliyomfaa jirani huenda isikufae wewe. Kumeza vidonge vya dukani kila siku kwa ajili ya mgongo wa kuchuma chai kunaweza kukutoboa tumbo au kuharibu figo.

La tatu, kufuli moja ina milango mingi. Hapa ndipo tunapoelewa madhara ya mofini, na tukiyaelewa hatutayaogopa ovyo.

MASWALI MNAYONIULIZA

Je, mofini ni dawa ya kumaliza mtu?
Hapana. Ni dawa ya maumivu makali, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Kenya. Hutolewa baada ya upasuaji na kwa walioumia ajalini, na wengi wao hupona wakaenda nyumbani. Wagonjwa wa saratani huipata kwa sababu wana maumivu makali. Kufa kwao kunatokana na saratani.

Je, haisimamishi pumzi?
Sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi nayo ina kufuli za mofini. Ukizidisha kipimo, pumzi hupungua, na hiyo ni hatari ya kweli. Ndiyo sababu daktari huanza na kipimo kidogo na kuongeza polepole. Mgonjwa akilala usingizi usioamshika, au akipumua polepole sana, usimpe dozi nyingine. Mpeleke hospitalini mara moja. Dawa ya kuifungua mofini ipo, ni ile naloksoni iliyotumiwa kwa fuko.

Kwa nini mgonjwa hakosi kufunga choo?
Kwa sababu matumbo nayo yana kufuli hizo hizo. Mofini inapotuliza maumivu, hutuliza matumbo pia. Shida hii haiishi yenyewe, kwa hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Anywe maji, na ale matunda kama anaweza. Kichefuchefu na usingizi huwa vya siku chache za mwanzo, kisha mara nyingi hupungua.

Je, hatakuwa mtumwa wa dawa?
Mwili hujizoeza. Ukikaa na mofini wiki nyingi, kufuli huizoea, na ukiacha ghafla utatetemeka na kuumwa. Kwa hivyo usiache ghafla. Daktari atapunguza kidogo kidogo. Lakini kuzoea huko si sawa na uraibu. Mraibu hutafuta dawa ili alewe, hata ikimharibia maisha. Mgonjwa wa saratani huitaka ili aweze kulala na kuzungumza na watoto wake. Hatari ya uraibu ipo, na kwa sababu hiyo dawa hii hutolewa kwa cheti cha daktari na kufuatiliwa. Hatari hiyo isiwe sababu ya kumwacha anayeteseka bila dawa.

TUKIWA NA MGONJWA NYUMBANI

Katika eneo letu jambo hili ni la karibu. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek waliandika katika jarida la Lancet kwamba saratani ya umio ni ya kawaida Bomet, na kwamba inawapata hata vijana. Wengi hufika hospitalini wakati ugonjwa umeshasonga mbele. Mtu akianza kukwama na chakula kigumu kama ugali, asingoje mpaka maji pia yakwame. Aende apimwe mapema.

Na mgonjwa akishapewa mofini ya maji, fanyeni hivi:

1. Mpimieni kwa bomba au kijiko kilichotolewa hospitalini, wala si kijiko cha chai cha nyumbani.

2. Mofini ya maji ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 4. Fuateni saa mlizoandikiwa. Msingoje mpaka mgonjwa alie, kwa kuwa ni rahisi kuzuia maumivu kuliko kuyafukuza yakishafika.

3. Andikeni kwenye daftari saa mliyompa na kipimo. Jamaa wawili wakimhudumia bila daftari, mmoja anaweza kurudia dozi.

4. Maumivu yakija kabla ya saa ya dozi, msijiongezee wenyewe. Pigieni simu muuguzi au rudini hospitalini.

5. Wekeni chupa mahali pa juu penye kufuli, mbali na watoto. Asiionje mtu mwingine hata kama mgongo unamuuma. Asichanganye na chang'aa, busaa wala dawa za usingizi.

6. Dawa ikibaki mgonjwa akiwa hayupo tena, irudisheni hospitalini.

Kama mgonjwa wenu ana maumivu makali na hajapewa chochote, uliza hospitali ya kaunti au ya misheni iliyo karibu kama ina huduma shufaa, yaani ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa na kuisaidia familia. Huduma hii si ngeni nchini. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na kwa jirani zetu Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993. Ongea na mhudumu wa afya wa kijiji chako akuelekeze.

Kwa wale wenye maumivu madogo ya mgongo baada ya kubeba kikapu cha majani siku nzima, kumbuka joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika chache mgongoni, inaweza kukusaidia. Isiwe ya kuunguza, na usiiweke mahali penye ganzi au kidonda. Mgongo ukizidi wiki chache, au miguu ikifa ganzi, njoo kituoni.

MWISHO WA KISA

Narudi kwa yule mzee. Siku ile niliketi na familia, nikawaeleza habari za kufuli na ufunguo kama nilivyowaeleza ninyi. Kijana wake aliuliza maswali mengi, na ilikuwa haki yake. Mwishowe mzee mwenyewe akageuka kutoka ukutani akasema, "Leteni." Tukapima dozi aliyoandikiwa. Akanywa.

Usiku wa pili alilala. Siku ya nne aliomba kiti chake kitolewe nje, chini ya mti, mahali anapoweza kuona chai yake. Wiki iliyofuata aliwaita wanawe wote, akawagawia shamba kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wazee. Pasingekuwa na mkutano ule, nadhani wangekuwa kortini mpaka leo.

Alituaga baada ya wiki saba. Kijana wake alinisindikiza hadi barabarani siku ya mazishi. Aliniambia neno moja tu: "Sista, zile siku 19." Sikuwa na la kumjibu. Siku zile hakuna awezaye kumrudishia baba yake.

Lakini nyumbani kwako chupa bado inaweza kutolewa stoo leo. Ndiyo sababu nimewasimulia.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Maumivu hubebwa na kemikali na kupokelewa na vipokezi, kama ufunguo na kufuli.

Mwili una ufunguo wake wa kuzuia maumivu. Mofini huingia katika kufuli hiyo hiyo.

Titus Kanui na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi walionyesha kwamba dawa ile ile huleta majibu tofauti kulingana na mnyama, kufuli na aina ya maumivu. Kwa hivyo tusibahatishe dawa.

Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari ni dawa ya kumpa mgonjwa nafuu. Ikizidishwa ni hatari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Je, kijijini kwetu watu husema nini juu ya mofini? Maneno hayo yametoka wapi?

Nani katika familia huamua mgonjwa apewe dawa gani? Je, mgonjwa mwenyewe huulizwa?

Tumfanyie nini jirani anayeficha maumivu yake kwa kuogopa kuonekana mnyonge?

Kama una swali, mwone muuguzi wa kituo kilicho karibu nawe. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii. Saisere.